Uzi: Nani alikunywa maziwa? Katuni ya 1954 na lile swali la "tatizo ni viongozi au ni sisi?"

1/ Wadau, mijadala mingi ya siasa hapa mtandaoni huishia mahali pamoja. Mmoja anasema viongozi ni wezi. Mwingine anamjibu kwamba viongozi wametoka kwetu, kwa hivyo wezi ni sisi. Wa tatu anasema tungoje Agosti 2027 tuwatoe wote. Halafu watu wanatukanana mpaka bando inaisha. Leo tulichambue swali hilo polepole, kupitia filamu moja ya katuni. Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama cha siasa. Ukileta jina kwa komenti, nafuta.

2/ Filamu yenyewe ni Animal Farm ya mwaka wa 1954. Iliongozwa na mke na mume, Joy Batchelor na John Halas, kule Uingereza. Ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya Uingereza kuonyeshwa katika kumbi za sinema. Inatokana na kitabu cha George Orwell cha 1945, ambacho wengi wetu tunakijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1967.

3/ Mbona tuongee juu ya katuni ya zamani hivyo? Kwanza, hadithi bado inatafutwa: mwaka wa 2025 katuni mpya ya kisa hicho, iliyoongozwa na Andy Serkis, ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Annecy, Ufaransa. Pili, hapa kwetu iliwahi kuogopwa. Mwaka wa 1991 serikali ilizuia mchezo wa jukwaani uliotokana na kitabu hicho. Hadithi ya nguruwe, lakini kuna watu wazima walijiona ndani yake.

4/ Na usidanganywe na neno "katuni". Hii si ya kuwekea watoto ili wakuache upike kwa amani. Kuna njaa na kiboko. Kuna mbwa wanaoua wanyama wenzao mbele ya kila mtu. Kuna farasi aliyefanya kazi maisha yake yote, na siku anapoanguka anauzwa kwa watu wa kuchemsha gundi.

5/ Kwa ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Mkulima Jones ni mlevi. Analaza wanyama njaa na kuwachapa. Siku moja wanyama wanaasi na kumfukuza. Wanaandika sheria ukutani: wote ni sawa, hakuna kulala kitandani, hakuna pombe, hakuna kuua mwenzako. Nguruwe, kwa kuwa wana akili kuliko wengine, wanachukua uongozi. Ukifika mwisho, nguruwe wanaishi nyumbani kwa Jones, wanakunywa pombe ya Jones, na wanashika kiboko cha Jones.

6/ Orwell alikuwa anailenga Urusi ya Kisovieti. Hilo linajulikana na sitakaa hapo. Mimi ninachotaka tuangalie ni jinsi tamaa inavyokua. Haiji siku moja ikiwa kubwa. Sheria ya kitanda inaongezewa neno kuhusu mashuka. Sheria ya pombe inaongezewa neno kuhusu kuzidisha. Sheria ya kuua inaongezewa neno kuhusu sababu. Kila mara ni neno dogo tu, linaandikwa usiku, na asubuhi wanyama wanasimama mbele ya ukuta wakijiuliza kama ni macho yao ama ni kumbukumbu.

7/ Kuna sehemu moja ya filamu inauma sana. Nguruwe wanaanza biashara na mtu wa nje. Mayai ya kuku yanatoka, jemu inaingia. Jemu hiyo inaliwa na nani? Nguruwe. Kuku wanapokataa mayai yao kuchukuliwa, wanahesabiwa kuwa wasaliti. Fikiria hapo kidogo. Aliyetaga ndiye msaliti, na anayelamba jemu ndiye mzalendo.

8/ Sasa tuangalie mwisho, kwa sababu hapo ndipo filamu na kitabu vinaachana. Katika kitabu, wanyama wanachungulia dirishani, wanaangalia nguruwe na binadamu wakiwa mezani pamoja, na hawawezi tena kutofautisha nani ni nani. Kwisha. Hakuna suluhisho. Unafunga kitabu ukiwa na uzito kifuani.

9/ Katika filamu, wale binadamu hawako mezani. Ni nguruwe peke yao. Punda mzee anachungulia, anaona sura zao zikigeuka kuwa za Jones, na wanyama kutoka kila upande wanakusanyika, wanavamia nyumba, wanawaangusha nguruwe. Mapinduzi ya pili. Unatoka hapo ukitaka kupiga makofi.

10/ Nani alitaka mwisho huo? Orwell hakuwepo, alikufa Januari 1950. Siku hizi si siri tena: pesa za filamu zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zikipitia kwa watu wa kati. Mwandishi Frances Stonor Saunders alieleza habari hiyo katika kitabu chake cha 1999, na mwanahistoria Daniel Leab akaandika kitabu kizima juu yake mwaka wa 2007. Wenye pesa walitaka watu walio chini ya ukomunisti waone kwamba nguruwe wanaweza kuangushwa. Na binadamu waliokuwa mezani, majirani matajiri wa mashamba mengine, wakaondolewa kwenye picha.

11/ Kwa hivyo filamu inayoonya juu ya wanaobadilisha maandishi ukutani usiku, nayo ilibadilishwa mwisho wake na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye skrini. Sisemi usiitazame. Itazame, lakini ujue hivyo.

12/ Mbona hili lina maana kwa mjadala wetu? Kwa sababu mwisho wa filamu ndio siasa yetu ya kila miaka mitano. "Tuwatoe wote." Tunavamia nyumba, tunaangusha nguruwe, tunapiga makofi, filamu inaisha. Haituonyeshi asubuhi inayofuata: nani atakamua ng'ombe, na maziwa yatawekwa wapi.

13/ Maziwa ndiyo kiini cha uzi huu. Katika kitabu, siku ile ile ya kwanza ya uhuru, ng'ombe wanakamuliwa, ndoo zinajaa. Wanyama wanaenda kuvuna nyasi. Wakirudi jioni, maziwa hayapo. Baadaye wanaambiwa kwamba maziwa na matufaha ni ya nguruwe, kwa faida ya wote, maana nguruwe wanafanya kazi ya kufikiri. Wakibisha, Jones atarudi. Kesi imefungwa.

14/ Desemba 1946 Orwell alimwandikia rafiki yake wa Marekani barua akieleza alichokusudia. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba hadithi inageuka pale pale kwenye maziwa na matufaha. Kama wanyama wengine wangekataa siku hiyo, mambo yangekwenda sawa. Kwa hivyo mwenyewe hakusema kwamba binadamu ni mbaya na basi. Alisema kulikuwa na siku moja ambayo kuuliza kungetosha, na siku hiyo ilipita.

15/ Sasa turudi nyumbani, tena mwaka ule ule wa 1954. Filamu ikichorwa Uingereza, huku Nyeri na Mkoa wa Kati wote kulikuwa na Hali ya Hatari. Kuanzia katikati ya mwaka huo serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800. Maelfu ya wengine walikuwa kizuizini. Huyo mkoloni ndiye Jones wetu, hakuna ubishi.

16/ Lakini mwaka huo huo ukaja Mpango wa Swynnerton: kuunganisha vipande vya mashamba vilivyotawanyika, kupima, na kutoa hati. Kazi ya kusema hapa ni pa nani ilifanywa na kamati za wenyeji. Sasa fikiria mtu aliyekuwa Manyani au Mwea, hayupo kusema mpaka wake ulikuwa wapi. Wanahistoria wameandika wazi kwamba waliokuwa upande wa serikali walinufaika, na wengi waliotoka kizuizini walikuta mashamba yamepungua, wengine hawakukuta chochote.

17/ Wazee wa huku hawapendi kuiongelea hadithi hiyo, na unaelewa kwa nini. Aliyesogeza mpaka alikuwa jirani. Mara nyingine alikuwa ndugu. Si lazima alikuwa shetani. Labda alitaka tu watoto wake wapate hatua chache zaidi kuelekea mtoni. Jones ndiye aliyefungua mlango, lakini maziwa yalinywewa na mtu mnayemjua jina. Kama unataka kuona tabia ya binadamu kwenye siasa, huna haja ya kwenda mbali kuliko hapo.

18/ Huku kwetu tuna methali: kamũingĩ koyaga ndĩrĩ. Kikundi kidogo kikishikana huinua kinu. Wanasiasa wanaipenda sana, utaisikia kwa kila mkutano. Ni kweli, umoja unainua kinu. Lakini methali haisemi nani atakula kilichotwangwa. Hilo mnapaswa kuliuliza nyinyi wenyewe, na mapema.

19/ Niwape mfano mdogo, bila majina. Kuna mradi mmoja wa maji ambao familia yangu imechangia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa bidii kweli: alizunguka ofisi, alilala bila chakula, bila yeye mradi haungekuwepo. Siku maji yalipofika, bomba la kwanza likaingia kwake. Sababu ilikuwa nzuri: nyumba yake iko karibu na tangi. Funguo za pampu pia zikalala kwake. Mwaka wa tatu wanachama walipoomba kuona vitabu vya hesabu, wakaambiwa vilinyeshewa. Mama bado hubeba mitungi wiki nyingine.

20/ Nilimuuliza mama, mbona hakuna aliyesema kitu siku ya bomba la kwanza? Akaniambia, "Tungesema nini, na yeye ndiye alituhangaikia? Tungeonekana watu wasio na shukrani." Nilikuwa nikidhani watu hunyamaza kwa woga peke yake. Kumbe shukrani nayo hufunga mdomo. Tunamwachia mtu anywe kidogo kwa sababu alifanya kazi. Naye anaanza kuamini kwamba hiyo kidogo ni haki yake.

21/ Ukisoma kitabu tena ukiwa na hilo akilini, utaona kwamba wanyama hawanyamazi kwa sababu moja. Farasi ananyamaza kwa imani: jibu lake kwa kila shida ni kuamka mapema zaidi. Kondoo wamefundishwa wimbo mmoja, na wanauimba kila mtu akitaka kuuliza swali. Punda anaona kila kitu lakini amechoka, anasema dunia ni ile ile. Mbwa wanalishwa vizuri. Na wote pamoja wana hofu moja: Jones asirudi.

22/ Hebu tujitafute hapo. Farasi ni yule anasema "tufanye kazi tu, siasa tuachie wenyewe". Kondoo wako kwenye kila grupu ya WhatsApp, unawajua. Punda ni sisi wajuaji wa mtandaoni: tunachambua, tunacheka, hatuendi mkutano wa wadi. Mbwa ni yule kijana anayelipwa mia tano avuruge mkutano wa mtu. Na "Jones atarudi" ni ile hotuba ya kila mwaka wa uchaguzi: mkiuliza maswali, wale wengine watachukua.

23/ Filamu inaacha kitu kimoja nje, na hapa ndipo mimi sikubaliani nayo. Ndani yake, wanaotaka vitamu ni nguruwe tu. Wengine ni safi. Maisha si hivyo. Mzazi aliyepata basari ya mtoto kupitia mtu anayemjua hatauliza orodha ilitengenezwa vipi. Aliyeajiriwa kaunti kwa simu ya mjomba hatauliza kuhusu usaili. Na sisi tukimwona mheshimiwa pale steji, cha kwanza ni "mkubwa, toa lock", halafu mia mbili inagawanywa na tunasahau tulitaka kumuuliza nini kuhusu barabara.

24/ Kwa hivyo wezi ni sisi? Hapana, na naomba msome hapa vizuri. Ile sentensi ya "sisi sote ni wezi" ni zawadi kubwa kwa anayekula zaidi. Mama aliyechukua pakiti ya unga akiwa na njaa hayuko sawa na mtu aliyekula pesa za dawa za hospitali. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkataza anayetoa hongo na anayepokea, ndiyo. Lakini uzito wa mizigo si mmoja. Tukisema wote ni sawa kwenye wizi, tumeongeza neno kwenye ukuta.

25/ Ninachosema ni tofauti. Tamaa iko kwa kila mtu, kwa hivyo tusiweke mpango unaotegemea kupata mtu asiye na tamaa. Hayupo. "Huyu ni mtu wa kanisa", "huyu alikuwa masikini kama sisi", "huyu tayari ana pesa hawezi kuiba": hizo zote ni njia za kuacha kuhesabu ndoo. Nguruwe walikuwa masikini. Walilala njaa na wengine.

26/ Na kuhesabu ndoo tunaruhusiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi lako lijibiwe ndani ya siku 21, na huhitaji kueleza unaitakia nini. Wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi kwenye fedha za umma. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwenye tovuti yake, na za kaunti pia zimo.

27/ Mtu ataniambia, "Katiba ni maandishi ukutani tu, na nani anaheshimu?" Swali zuri. Lakini kumbuka kwa nini nguruwe walisumbuka kuamka usiku na ngazi na rangi. Maandishi yaliwazuia. Kama yangekuwa bure, wasingehangaika kuyabadilisha. Ukuta ulishindwa kwa sababu wanyama wengi hawakujua kusoma, na waliojua walinyamaza. Sisi tunajua kusoma.

28/ Kwa hivyo nikiulizwa tatizo ni viongozi au ni sisi, jibu langu ni kwamba swali limekaa vibaya. Linatafuta nani ni mbaya. Swali la kazi ni hili: maziwa ya leo yako wapi, na nani ana funguo? Liulize kwenye sako ya nduthi, kwenye fakitori ya kahawa, kwenye kamati ya shule, kwenye chama cha akina mama, kwenye wadi. Liulize wakati ni ndoo moja, kwa adabu, hata kwa mtu unayempenda na aliyewahangaikia. Likiwa ni ghala zima, utakuta mbwa wameshakua.

29/ Zoezi la wiki hii, na ninalifanya pia huku Gatitu. Chagua kitu kimoja kidogo cha umma karibu na wewe: orodha ya basari ya wadi, taa ya barabarani iliyolipiwa na haiwaki, choo cha soko. Andika barua ya ukurasa mmoja uombe hesabu yake. Peleka, ipigwe muhuri, baki na nakala. Hesabu siku 21. Halafu rudi hapa uandike kilichotokea: walijibu, walikufukuza, ama vitabu vilinyeshewa. Bila majina ya wanasiasa, tafadhali.

30/ Ukiona uzi huu una faida, utume kwenye grupu ya kijiji, hasa ile yenye kondoo wengi. Wiki ijayo tutachambua lingine linalogombanisha watu kila siku: kuna tofauti gani kati ya "mtu wetu" na mtu anayetufanyia kazi? Maswali weka hapa chini, nitajibu jioni.